Muswada wa Lumbesa: Kufundisha Sekondari Jinsi Bunge Linavyotunga Sheria

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kutaja hatua zote za muswada bila kukosea, na bado ashindwe kueleza sentensi moja ya sheria ilibadilika wapi na nani aliibadilisha. Hilo linatokana na kufundisha kwa mishale ubaoni: wizara, Bunge, Rais, basi. Sheria ni maneno, na kazi kubwa ya kuyabadilisha hufanyika kwenye kamati kabla ya hotuba zinazoonekana kwenye televisheni. Mpango huu wa vipindi vinne vya dakika 80 (vipindi viwili vilivyounganishwa) umetenga nusu ya muda kwa kamati na marekebisho.

Chagua jambo ambalo darasa lina masilahi nalo. Kwa shule za Mbeya, Njombe na Iringa, lumbesa inafaa kuliko mada yoyote ya kitabuni. Gunia la viazi hujazwa, likaongezwa juu na kushonewa, kisha mnunuzi analipia gunia moja. Darasani utakuta mtoto wa mkulima wa Isyonje, mtoto wa dalali wa Uyole na mtoto wa dereva wa fuso, na hawatakubaliana. Ndicho unachokihitaji.

Kabla ya kuandika chochote, waulize: je, hakuna sheria tayari? Ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinaweka ukomo wa kilo 100 kwa gunia la mazao. Usiwafiche jambo hili ili zoezi lipendeze. Swali la kwanza la mwandishi wa sheria ni sheria iliyopo ina upungufu gani, na mara nyingi jibu ni kuirekebisha, wala si kutunga mpya. Waulize pia muswada utawasilishwa na waziri gani. Wengi watasema wa Kilimo. Wakala wa Vipimo uko chini ya wizara ya Viwanda na Biashara, kwa hiyo waziri wake ndiye mtoa hoja.

Mwalimu aandike muswada mfupi mwenyewe, wenye kasoro za makusudi. Huu unatosha:

Ibara ya 1: Sheria hii itaitwa Sheria ya Ufungashaji wa Viazi, na itaanza kutumika tarehe ambayo Waziri atateua kwa notisi kwenye Gazeti la Serikali.
Ibara ya 2: Sheria hii itatumika Tanzania Bara.
Ibara ya 3: Mtu hataruhusiwa kufungasha viazi kwenye gunia linalozidi kilo 100.
Ibara ya 4: Mtu atakayekiuka ibara ya 3 anatenda kosa na akitiwa hatiani atalipa faini ya shilingi laki tano.
Ibara ya 5: Waziri anaweza kutunga kanuni kwa ajili ya utekelezaji wa Sheria hii.

Mwishoni weka aya ya Madhumuni na Sababu, kama ilivyo kwenye miswada halisi. Chapa nakala moja kwa kila wanafunzi wanne, na uache nafasi pana kati ya mistari, kwa sababu wataandika humo. Pakua pia muswada mmoja halisi kwenye tovuti ya Bunge ili waone unavyofanana na wenu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 lugha ya sheria nchini ni Kiswahili. Hata kama somo lenyewe linafundishwa kwa Kiingereza, liendeshe zoezi hili kwa Kiswahili, kama wabunge wanavyojadili Dodoma.

Kwa darasa la wanafunzi 60, toa Rais mmoja, Katibu wa Bunge mmoja, Mpambe wa Bunge mmoja, waandishi wa taarifa rasmi watatu na wadau sita. Wanabaki wabunge 48, wakiwemo Spika, Waziri, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wajumbe tisa wa kamati. Andika ubaoni na pasifutwe: akidi (idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo ili kuamua) 24, theluthi mbili 32. Rais akae nje ya mlango. Kikatiba yeye ni moja ya sehemu mbili za Bunge (ibara ya 62), ila si mbunge na hapigi kura humo. Kumweka nje wakati saini yake inasubiriwa kunalieleza hilo vizuri kuliko maelezo ya robo saa.

Kipindi cha kwanza ni cha kugawa nafasi na kusoma muswada mara ya kwanza. Katibu anasimama, anasoma jina la muswada, anakaa. Imekwisha. Hakuna mjadala. Hapa ndipo madarasa mengi huharibu, kwa kuwa mikono kumi inanyooshwa papo hapo. Spika azuie, na autume muswada kwenye kamati. Waeleze kwamba muswada wa Serikali huchapishwa kwanza kwenye Gazeti la Serikali ili wananchi wausome mapema, na kwamba hati ya dharura inaweza kufupisha hatua. Muda unaobaki, kila kikundi kisome ibara tano na kupigia mstari neno lisiloeleweka.

Kipindi cha pili ni kamati tupu, na usikubali kukikata hata kama ratiba imebana. Wajumbe tisa wakae mbele. Wadau waingie mmoja mmoja, dakika nne kila mmoja: mkulima, mnunuzi kutoka Dar es Salaam, dereva, mpakiaji mizigo, ofisa wa Wakala wa Vipimo, mwenyekiti wa kijiji. Kila mdau aje na ombi linalotaja ibara, lisiwe lalamiko la jumla. "Lumbesa inatuumiza wakulima" halisaidii kamati. "Ibara ya 3 inamtia hatiani anayefungasha peke yake, na shambani anayefungasha ni mimi kwa kulazimishwa na mnunuzi" linasaidia. Mpakiaji atauliza kama naye ni "mtu" anayefungasha. Mwenyekiti wa kijiji atauliza kilo 100 zitapimwa na nini pale ambapo hakuna mizani. Dereva atauliza akikutwa barabarani na mzigo wa mwenzake. Wanafunzi wakiona sentensi moja fupi inavyowaangukia watu sita kwa namna sita, wameshika somo lenyewe.

Baada ya hapo kamati na mbunge yeyote waandike marekebisho. Lugha yake ni ngumu mwanzoni, kwa hiyo weka mfano ubaoni:

Katika ibara ya 3, kwa kufuta maneno "kufungasha viazi" na badala yake kuweka maneno "kufungasha, kununua au kusafirisha viazi".

Kila rekebisho liwe hivyo: ibara ipi, maneno yapi yanafutwa, yapi yanawekwa. Likabidhiwe kwa Katibu kwa maandishi kabla ya kipindi cha tatu. Lisiloandikwa halijadiliwi. Kosa linalojirudia ni kurekebisha ibara moja na kusahau nyingine inayoitegemea. Wakiongeza ibara mpya ya kumkinga mkulima aliyelazimishwa bila kuigusa ibara ya 4, ibara hiyo bado inamtoza kila "mtu" aliyekiuka ibara ya 3. Wakitumia neno "mnunuzi" bila kulifafanua, mama anayenunua debe sokoni Mwanjelwa naye ni mnunuzi. Nafasi ya Mwanasheria Mkuu mpe mwanafunzi makini kuliko wote, na kazi yake iwe kukamata mambo haya.

Kipindi cha tatu, kusomwa mara ya pili. Waziri anatoa hoja, wabunge wanasimama kuunga mkono, mwenyekiti wa kamati anasoma taarifa, upinzani unatoa maoni. Kisha wachangiaji wanane, dakika tatu kila mmoja. Hapa wanajadili misingi ya muswada, na Waziri anahitimisha. Kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima, Spika akiwa sasa Mwenyekiti. Katibu anataja ibara, mwenye rekebisho anasimama, Waziri anakubali au anakataa kwa sababu, wanaamua. Kura ni ya sauti: "Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki waseme siyo." Sauti zikilingana, hesabuni. Waandishi wa taarifa rasmi waandike matokeo ya kila ibara: imepita bila mabadiliko au pamoja na marekebisho yake. Bunge likirudi kwenye kikao chake cha kawaida, Waziri anatoa taarifa, hoja inaamuliwa, na muswada unasomwa mara ya tatu.

Kipindi cha nne, mwiteni Rais. Mpe maelekezo ya siri arudishe muswada pamoja na sababu zake, kwa mfano kwamba hakuna mizani vijijini. Ibara ya 97 ya Katiba inasema muswada uliorudishwa haupelekwi tena kwa Rais kabla ya miezi sita, isipokuwa umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukipelekwa hivyo, Rais anatakiwa kuukubali ndani ya siku 21, la sivyo alivunje Bunge. Sisitiza neno "wote". Wabunge 40 wakiwa darasani na 30 wakisema ndiyo, wamekosa, kwa sababu wanahitaji 32 kati ya 48. Kama hawafiki, waurekebishe na kusubiri.

Akisaini, uliza: sheria imeanza kutumika? Warudi ibara ya 1. Mpaka Waziri atoe notisi, bado. Wataje pia nani atasema mizani ikae wapi, na ibara ya 5 itawajibu: Waziri, kwa kanuni. Ushuru wa mazao unaolipwa kwenye geti la halmashauri nao unafaa kugusiwa hapa, kwa kuwa hutozwa chini ya sheria ndogo ambazo Bunge halizijadili moja moja.

Wakidhani kila muswada hupita haraka, wape mfano wa bima ya afya kwa wote: ulisomwa mara ya kwanza mwaka 2022, ukakwama, ukapitishwa Novemba 2023.

Shule zinazoweza kusafiri, Iringa hadi Dodoma ni barabara ya lami. Andikeni barua mapema kwa Katibu wa Bunge, mkiomba nafasi kwenye jukwaa la wageni. Mkutano wa Aprili hadi Juni ni wa bajeti, kwa hiyo anayetaka kuona miswada ya kawaida apange mkutano mwingine. Kikao huanza saa tatu asubuhi kwa maswali, na miswada hufuata baadaye. Msiondoke mapema.

Katika kutoa alama, achana na "taja hatua za muswada". Wape ibara moja wasiyowahi kuiona, waseme itamwonea nani bila kukusudia, na waandike rekebisho moja kwa lugha ile ya mfano wa ubaoni. Alama tano kwa kumtambua aliyeonewa, tano kwa maneno sahihi.