Kabla Hujatoa Kodi ya Miezi Sita: Nyumba Isipokalika, Nani Atakurejeshea?

Fungua mabomba yote. Washa taa zote, na uulize kama mita ni yako peke yako au mnachangia na wa chini. Mwaga ndoo mbili chooni. Makomeo yajaribu kwa mkono wako, usikubali "nitabadilisha wiki ijayo". Hayo kila mtu anayajua.

Hapa Unguja, mabondeni kama Mwanakwerekwe na Sebleni, usimuulize mwenye nyumba kama masika maji yanaingia. Muulize muuza vitumbua wa mlango wa pili, yeye hana kodi ya kupoteza. Tazama na ukuta usawa wa goti: kama rangi ya chini si ya juu, ujue maji yalifika hapo. Na karo, shimo la maji machafu ya choo, likijaa mvua, uchafu hurudi kwa njia ile ile ulioendea.

Mji Mkongwe ni habari nyengine. Nyumba zile ni mawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na adui wake ni maji ya paani. Boriti huanza kuoza kwenye ncha iliyoingia ukutani, usipopaona. Mtu akitaka kodi ya haraka huita fundi akapiga lipu ya saruji juu ya chokaa, unyevu ukafungiwa ndani. Ukikuta chumba kimoja tu kimepakwa rangi mbichi, uliza kwa nini. Jumba la Ajaib lenyewe, kasri la Sultani la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa. Seuze nyumba ya uchochoroni isiyotazamwa na mtu.

Sasa lililo kubwa: jua pesa zako unampa nani. Mtoto wa mamangu mdogo alikodi vyumba viwili ghorofa ya juu, akalipa miezi sita mbele. Mkataba ukurasa mmoja: jina, kodi, tarehe, na "mpangaji ataitunza nyumba". Mvua zilipoanza, kila asubuhi alikuta unga wa chokaa juu ya foronya za watoto. Akikung'uta, akitandika upya. Kwa simu aliambiwa fundi anakuja. Siku moja mchana, watoto wako chuoni kusoma Kurani, kipande cha dari kikashuka juu ya kitanda chao, mawe na vumbi, na boriti moja ikabaki inaning'inia.

Yule aliyepokea kodi alikuja, akatazama juu, akasema: "Mwanangu, mie msimamizi tu. Nyumba ya urithi hii." Mrithi mmoja yuko Maskati, mwengine Dar es Salaam, dada yao Wete, na hakuna wa kutoa hata shilingi mpaka mafungu yagawiwe. Tena kutengeneza kunataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kodi je? "Ishaliwa." Akamshauri ahamie chumba cha pili, kile kibovu akifunge tu mlango! Kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, walifika, sheha akausoma mkataba mbele na nyuma, hakuona pa kumshikia. Picha hakuna, ujumbe hakuna, na msimamizi akazidi kusema maji ni ya kufulia, mpangaji mwenyewe kayamwaga. Aliishia kwa mama yake Chumbuni na magodoro yamerowa.

Kwa hiyo uliza: nyumba ya mtu mmoja, ya urithi, ya Serikali au ya wakfu? Ya urithi, taka karatasi ya warithi inayompa huyo madaraka ya kukodisha na kutengeneza. Ya wakfu, nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ukaulize, kuna wapangaji wanaokodisha vyumba kama mali ya baba yao.

Kisha mkatabani yaandikwe haya: paa, dari, kuta, karo na bomba kubwa ni juu ya mwenye nyumba, taa, vioo na makomeo ni juu yako. Nyumba isipokalika bila ya kosa lako, kodi inasimama siku hiyo hiyo, na ya miezi usiyokaa inarejeshwa ndani ya siku mlizokubaliana, kibali kitoke kisitoke. Akikataa kuandika hilo, kakujibu tayari. Tieni saini mbele ya sheha na mashahidi, kila mtu na nakala yake.

Siku ya kuhamia piga picha kila pembe, hasa dari, umtumie mwenye nyumba WhatsApp siku hiyo hiyo. Likitokea la kutokea mwandikie, kupiga simu hakubakishi ushahidi. Usitengeneze kwa pesa zako ukitarajia kukata kwenye kodi kabla hajakubali kwa maandishi. Vyeti vya kuzaliwa usiviweke chumba kinachovuja. Dari ikianza kulia usiku, toa watoto kwanza, simu baadaye. Na dalali, ukiweza, mbakishie kidogo mpaka ulale humo usiku mmoja wa mvua.