Shingo ya gitaa yenye mabaka: namna ninavyoisafisha na kuipaka upya

Shingo ya gitaa ikiwa na mabaka, watu hulaumu rangi. Mimi huangalia mbao kwanza. Nyingi ninazoletewa ni za mepo, ile mbao ngumu nyeupe ya Marekani ambayo Fender, watengenezaji wa magitaa, wamekuwa wakiitumia tangu 1950. Vitundu vyake ni vidogo mno na imebana, ila haijabana sawasawa. Penye mawimbi ya nyuzi za mbao rangi huzama, pembeni yake hukataa. Kisiginoni, pale shingo inapoungana na mwili, na kwenye kingo za kichwa mbao imekatwa kwa kukingama, kwa hiyo hunyonya kama mirija. Ukimwaga rangi nyingine juu ya hali hiyo, mabaka yanazidi kukolea.

Hatua ya 1: fungua. Legeza nyuzi kidogo kidogo, zitoe, kisha fungua skrubu za kisigino na funguo za kukazia nyuzi. Funika ubao wa freti, ule upande wa mbele wenye vyuma vya kubania nyuzi, kwa tepu ya karatasi. Kama shingo imegundishwa kwenye mwili, funika mwili mzima kwa nailoni.

Hatua ya 2: ondoa vanishi ya zamani. Dondoshea tone la spiriti mahali pa kujificha. Ikilainika, ni shelaki, vanishi ya utomvu wa wadudu. Isipolainika, jaribu tina. Ikiyeyuka, ni laka. Ikigoma kote kuwili, huenda ni poliyurethani, vanishi ngumu ya jamii ya plastiki, na hapo utakwaruza kwa makali kisha umalizie kwa msasa namba 120. Mashine ya msasa iache kabatini. Shingo nyingi zina unene wa kama milimita 21 kwenye freti ya kwanza, na ukila hata nusu milimita upande mmoja, kiganja cha mpigaji kitajua.

Hatua ya 3: msasa. Mimi huzungushia msasa kwenye kipande cha kandambili kuukuu, kwa sababu mpira wake unafuata mviringo wa mgongo wa shingo bila kuchimba. Chora mistari ya penseli mgongo mzima, piga msasa kwa kufuata urefu wa mbao, na mistari ikifutika yote chora tena. Namba 120, halafu 180, mwisho 220. Futa kwa kitambaa kibichi ili vinyweleo vya mbao visimame, acha ikauke, kisha pitisha 220 kwa mkono mwepesi.

Hatua ya 4: jaribio la spiriti. Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayookoa kazi. Sogea dirishani mchana, lowesha shingo yote kwa spiriti safi isiyo na rangi, kisha tazama upesi kabla haijakauka. Kwa nukta chache utaiona shingo jinsi itakavyokuwa baada ya kupakwa. Panapobaki peupe pana gundi au mabaki ya vanishi. Rudi na msasa hapo. Panapokuwa peusi ghafla ndipo patakapokunywa zaidi. Weka alama nyepesi ya penseli.

Rangi ya zamani iliyozama sana usiifukuze kwa msasa, utaharibu umbo. Kama ni rangi ya kuyeyuka, jiki kidogo kwenye kitambaa huipausha. Vaa glavu, usiichanganye na dawa nyingine yoyote, futa kwa maji mara mbili, na ipe siku nzima ya kukauka. Kisha vinyweleo vipitishie tena 220.

Hatua ya 5: ziba kabla ya kupaka. Chukua gramu 12 za magamba ya shelaki isiyo na nta, loweka kwenye mililita 200 za spiriti usiku kucha. Itakuwa nyepesi kama chai ya rangi. Paka mkono mmoja, yaani tabaka moja, shingo yote, na miwili zaidi kwenye zile sehemu ulizowekea alama. Hapa mbao inashibishwa nusu, ili rangi isipate pa kuzama. Nasisitiza isiyo na nta kwa sababu poliyurethani haishiki vizuri juu ya nta. Niliwahi kuirudia shingo nzima kwa kosa hilo, vanishi ikibanduka kama ngozi ya kitunguu.

Hatua ya 6: rangi. Usiipake moja kwa moja kwenye mbao. Changanya rangi ya unga inayoyeyuka kwenye spiriti ndani ya shelaki ileile, iwe hafifu kuliko unavyotaka, kisha paka kwa kitambaa cha pamba, mikono minne au mitano, ukienda mkupuo mmoja kutoka kisigino hadi kichwa. Usirudi nyuma kugusa palipoanza kukauka. Pakibaki hafifu, ongeza hapo tu kwenye mkono unaofuata.

Kwetu huku pwani, usipake shelaki jioni au baada ya mvua. Unyevu huingia na kuacha ukungu mweupe. Mimi hupaka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.

Hatua ya 7: vanishi. Mikono mitatu myembamba, msasa namba 400 katikati. Mgongo uupunguzie mng'ao kwa msasa laini wa namba 1000 wenye maji kidogo, maana shingo inayong'aa hunata kiganja kikitoa jasho. Ukiamua kutumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa vyake vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Subiri wiki moja. Kabla ya kufunga nyuzi, bonyeza kwa ukucha sehemu ya kisigino inayojificha ndani ya mwili. Ikiacha alama, ongeza siku tatu.