Ukikuta vigae vya kale kwenye mtaro wa msingi

Mafundi wakichimba msingi Kondoa, Chemba au Mpwapwa, si ajabu sururu kuibua vipande vya vyungu. Vingi ni vya bibi zetu, vingine ni vikongwe kabisa: vile viitwavyo Lelesu, kwa jina la mahali huko Usandawe, ni vya enzi za wafua chuma wa mwanzo. Kigae kikishang'olewa bila kuandikwa kilipokuwa, hakuna mtaalamu atakayekirudishia habari zake. Ndiyo maana linda kwanza mahali, kigae baadaye.

Simamisha kazi mita 2 kila upande, vibarua wahamie upande mwingine wa msingi. Udongo uliokwisha kutoka uwekwe peke yake. Vigae vilivyobaki kwenye ukuta wa mtaro usivichomoe. Kwangua ukuta huo taratibu kwa mwiko uwe bapa, tabaka zionekane: majivu, mkaa, udongo mwekundu. Simamisha futi kamba pembeni, piga picha ya karibu, kisha ya mbali inayoonyesha mti au kona ya nyumba ya jirani. Hifadhi na nukta ya GPS ya simu. Kina kipimwe kutoka usawa wa ardhi ya asili; wengi hupima kutoka juu ya kifusi, na sentimita 40 za uongo zinaingia kwenye kumbukumbu.

Vigae vilivyotoka vitie kwenye bahasha za kaki, kila kina na bahasha yake. Andika kwa penseli, kwa sababu wino huchuja ukipata unyevu, na karatasi nyingine yenye maneno yaleyale itie ndani. Kama vina unyevu, vikaushe kivulini. Jua la Dodoma hukausha uso haraka kuliko ndani, na kigae kilichochomwa kwa moto mdogo hupasuka. Mfuko wa plastiki uliofungwa huleta ukungu. Usioshe, usisugue, usiunganishe kwa gundi. Masizi ya nje na ukoko wa ndani ndivyo maabara huvitumia kupima umri na kujua kilichopikwa. Mkaa uguse kwa ncha ya mwiko safi, si kwa vidole, uufunge kwa karatasi ya alumini.

Tazama kingo. Kingo kali humaanisha kigae hakikusafiri mbali. Kingo zilizolainika kama kokoto zinaonyesha kimeburutwa na maji, jambo la kawaida sana kwenye makorongo ya Kondoa, na hapo kina hakisemi mengi. Vilevile mashimo ya panya na mchwa hushusha vipande vidogo chini, kwa hiyo kigae kimoja cha chini si ushahidi wa ukale. Vikiwa vingi kwenye tabaka moja lenye majivu, hapo pana jambo.

Ukisikia kigae chekundu kikiitwa cha Warumi wa kale, usikubali upesi: rangi nyekundu pekee haifanyi chungu kuwa cha Warumi. Vyungu vyekundu vya Warumi, vile ambavyo Waingereza huvikuta wakichimba bustani zao, vilifinyangwa kwa gurudumu na kuchomwa kwenye tanuri. Vyungu vya asili vya huku hufinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwenye moto wa wazi. Ukitazama palipovunjika, katikati mara nyingi ni peusi. Kipande cheupe chenye maua ya kuchapwa ni cha sahani ya Ulaya, pengine kimekuja na misafara ya Ugogo karne ya 19. Nacho kiandike.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Toa taarifa upesi kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, afisa utamaduni wa halmashauri, na idara ya serikali ya Mambo ya Kale. Usiuze, wala usipanue shimo kutafuta zaidi. Uchimbaji wa mambo ya kale unahitaji leseni. Ukiona mifupa ya mtu, acha kazi yote na uite polisi.

Wakati unasubiri, fikiria upya shimo la choo. Mtaro wa msingi hukata ukanda mwembamba, lakini shimo la futi 12 hufuta kila kitu hadi chini. Kiwanja kikiruhusu, lisogeze mbali na vigae kabla ya kumwaga zege lolote.