Kurudisha nyasi za asili na mialoni kwenye eneo lako huku Wisconsin (visiki ndo kila kitu)

Shemeji kanunua nyumba yenye ekari nne huku Wisconsin, Marekani, nyuma kichaka kitupu, kanipigia anauliza aanzie wapi. Tumeongea saa nzima, nikaona bora niandike kabisa.

Hatua ya 1: Zunguka kwanza

Tafuta mialoni (miti ya oak) mikubwa ambayo matawi yametanda pembeni mpaka chini. Mti uliokulia kwenye msongamano haupanuki hivyo, unakimbilia juu kutafuta jua. Ukikuta wa aina hiyo ujue pale zamani palikuwa peupe, nyasi na mti mmoja mmoja. Piga picha, twende.

Hatua ya 2: Ondoa bakthoni (buckthorn)

Huu mti uliletwa kutoka Ulaya uwe uzio wa nyumba, sasa umejaa kila msitu na kivuli chake hakiachi mche wa mwaloni ukue. Kuutambua: mwanzoni mwa Novemba mingine imeshapukutisha, wenyewe bado kijani. Kwangua gome uone rangi ya chungwa ndani, na usiruke hilo, mi nilishakata miplamu ya porini minne kwa sababu magome yanafanana, iliniuma.

Sasa hapa ndo nilipoteza msimu mzima. Nilikodi chensoo, nikakata siku tatu, nikatuma na picha nyumbani Shinyanga wanisifie. Kufika Julai kila kisiki kimetoa machipukizi kumi na kitu yananifika kiunoni, yani palikuwa na shina moja sasa yako kumi. Kisiki lazima kipakwe dawa ya kuua mimea. Glaifoseti ya maji inapakwa palepale, ndani ya dakika chache, sio umalize mstari wote ndo urudi, kisiki kikishakauka hakinywi tena. Kwa hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja anakata mwingine anamfuata na chupa. Kama uko peke yako chukua triklopiri ya kuchanganya na mafuta, hiyo hata ukichelewa inapenya, na baridi ya kugandisha haiizuii. Futa vumbi la msumeno kwanza. Paka pete ya ukingoni karibu na gome, katikati ya kisiki pameshakufa unamwaga hela tu. Tia rangi ya bluu kwenye dawa, la sivyo ukifika kisiki cha ishirini hukumbuki kipi tayari. Usifanye mwanzo wa machipuko, utomvu unapanda kwa nguvu unaisukuma dawa nje. Karibu na maji soma lebo vizuri, sio kila dawa inaruhusiwa. Mi natumia brashi ya sponji, wenye mabomba ya mgongoni siwaelewi, wanarushia mpaka maua waliyokuja kuyaokoa. Na mbegu zilizobaki udongoni zitaota miaka kadhaa, ile miche ing'oe kwa mkono baada ya mvua.

Mialoni yenyewe usiijeruhi Aprili mpaka Julai. Kuna wadudu wanafuata harufu ya kidonda wamebeba ukungu wa ugonjwa wa mnyauko, na mwaloni mwekundu ukishaupata hauponi. Ukiukwaruza kwa bahati mbaya, paka rangi ya ukuta hapohapo.

Hatua ya 3: Ua nyasi za kigeni

Msimu mzima, zifunike kwa plastiki nyeusi au zipige dawa. Usilime, unaamsha magugu.

Hatua ya 4: Panda Novemba au Desemba

Ndiyo, kwenye baridi, mbegu nyingi za huku haziamki mpaka zigande na kuyeyuka. Changanya na mchanga wenye unyevu, mwaga kwa mkono, mbegu 40 mpaka 60 kwa futi moja ya mraba. Zile mchanganyiko za bei rahisi zilizojaa bluestem kubwa (nyasi ndefu ya huku) achana nazo, itafunika maua yote.

Hatua ya 5: Fyeka

Mwaka wa kwanza utaona magugu tu, usilie, mimea ya asili inajenga mizizi kwanza. Kila magugu yakifika futi moja yafyeke yabaki inchi sita.

Hatua ya 6: Moto

Kuanzia kama mwaka wa tatu. Kibali, mstari uliofyekwa pande zote, upepo mdogo usiogeukageuka, na watu wanaojua. Sisi tuliokua tukiona malisho yanachomwa tunajiona mabingwa, ila nyasi za huku zinanizidi urefu na zikikauka moto wake una mbio. Shemeji alitaka tuchome wawili tu na ndoo, nikamwambia mara ya kwanza mi nililipa kikosi, nikapewa bomba la maji nikae pembeni, nikakaa.