Ukinunua spika za homu thieta anza na chumba, wati baadae

Karibu kila anayetaka spika za homu thieta huuliza kwanza "hii ina wati ngapi?", na mimi naomba kabisa hilo swali ulisogeze mwisho. Cha kwanza ni chumba. Chukua futi kamba upime urefu na upana wa sebule, pima na kutoka pale TV ilipo mpaka kwenye kochi unapokaa, halafu hizo namba uziandike kwenye simu maana dukani utazihitaji. Chumba cha mita 3 kwa 4 hakihitaji zile spika ndefu za kusimama chini, ukiziingiza humo besi inajaa mpaka inameza maneno ya watu, wakati spika fupi za kuweka kwenye stendi zikisaidiwa na sabufa moja nzuri (spika ya besi tu) zinamaliza kazi na nafasi inabaki. Sebule kubwa ambayo imeungana na sehemu ya kulia chakula na korido hiyo ndo inadai spika kubwa, sauti inatawanyika na sabufa ina hewa nyingi ya kusukuma.

Angalia pia kilichomo ndani. Sakafu ya vigae, madirisha makubwa ya vioo, kuta tupu, hapo sauti inagonga inarudi inagonga tena na maneno yanachanganyikana, na hakuna spika ya kutibu hilo hata iwe ya gharama kiasi gani. Zulia nene mbele ya kochi na mapazia mazito vitakusaidia kuliko kupanda daraja la spika, watu hawapendi kusikia hivi ila ndo ukweli.

Sasa zile namba 5.1, 7.1, 5.1.2 zisikutishe. Ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida zinazokuzunguka, ya pili ni sabufa, ya tatu kama ipo ni spika za juu, yaani za darini au zile zinazorusha sauti juu igonge dari irudi kwako. Hizi za juu zimeenea kupitia mfumo wa sauti wa Dolby Atmos, ulioanza kwenye majumba ya sinema 2012 na majumbani ukaingia 2014. Kwa hiyo 5.1 ni kushoto, katikati, kulia, mbili za pembeni, na sabufa. Mimi nashauri watu wengi waishie hapo kwanza, 5.1 ya spika nzuri iliyopangwa vizuri ni tamu kuliko 7.1 ya kubahatisha, na kama kochi lako limegusa ukuta wa nyuma hizo spika mbili za ziada za 7.1 utaziweka wapi? Zinatakiwa zikae nyuma yako kabisa. Zile za kurusha sauti juu nazo zinataka dari tambarare lisilo refu sana, kama dari lako limeinama au lina mbao mbao achana nazo.

Tuje kwenye spika ya katikati, na hapa naomba usome taratibu maana ndipo watu wengi wanapopunja hela. Kwenye filamu mazungumzo mengi yanatokea spika ya katikati. Ile hali ya kushika rimoti muda wote, watu wakiongea unaongeza, mlipuko ukija unapunguza, mara nyingi inasababishwa na spika ya katikati dhaifu. Mtu ananunua mbili za mbele kubwa kubwa zinazopendeza machoni, halafu katikati anaweka kidude chochote kilichobaki kwenye bajeti. Fanya kinyume chake, yaani kama kuna mahali pa kujibana usijibane hapa, jibane kwenye zile za pembeni ambazo zinabeba upepo, mvua, kelele za umati na vitu kama hivyo.

Spika tatu za mbele zinatakiwa ziwe za familia moja, kampuni moja na toleo moja, twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ya aina moja. Sababu yake ni kwamba gari likitoka kushoto kwenda kulia kwenye skrini mlio wake usibadilike njiani. Risiva nyingi (ile mashine yenye amplifaya inayoendesha spika zote) zina sauti ya majaribio, ule mlio wa "shhhhh" unaohama spika moja baada ya nyingine, mwambie muuzaji aiwashe halafu we funga macho usikilize, ikifika katikati ule mlio ukawa kama unatokea puani au kama umefunikwa na blanketi basi hizo hazijaoana. Jaribio lingine, spika nyingi za katikati zimelazwa na zina wufa mbili (spika za sauti nzito) na twita katikati yake, muundo huo ukikaa mbele yake kabisa unasikika vizuri ila ukisogea pembeni baadhi ya sauti zinafifia, hivyo usisikilize ukiwa umekaa katikati tu, hamia kiti cha mwisho pembeni uone kama maneno bado yako wazi. Kama familia yako hukaa imejipanga kochi zima hilo ni jambo kubwa. Zenye spika ndogo ya sauti ya kati iliyowekwa chini au juu ya twita huwa zinavumilia zaidi hali hiyo. Na ukifika nyumbani usiitumbukize ndani kabisa ya kabati la TV, ivute mpaka ukingoni na uiinue kidogo itazame masikio yako.

Haya, tuzungumze wati sasa. Ukiona imeandikwa PMPO hiyo namba ipite kama hujaiona, inaweza kuandikwa maelfu na haikwambii chochote cha maana, tafuta iliyoandikwa RMS au wati za mfululizo. Ila kuna namba moja ambayo ni ya maana kuliko wati na wengi hawaiangalii kabisa, unyeti wa spika, inaandikwa kwa desibeli, mfano 85 dB au 90 dB kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya mara mbili. Yaani spika ya 88 dB ikipewa wati 50 inafikia kelele ileile ya spika ya 85 dB iliyopewa wati 100. Na ili sikio lisikie kama sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10 zaidi, ambazo ni wati mara 10, kwa hiyo kuhangaika kati ya amplifaya ya wati 80 na ya wati 100 ni kupoteza muda. Kwa sauti ya kawaida ya kuangalia filamu sebuleni unatumia wati chache tu, zile nyingi ni akiba ya milipuko. Tahadhari moja, amplifaya dhaifu ukiikaza mpaka ikakwaruza inaweza kuunguza twita hata kama spika imeandikwa wati nyingi.

Omu nazo, yaani kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme: spika nyingi ni 8 au 6, zipo za 4. Geuza risiva uangalie nyuma imeandikwa inakubali kuanzia ngapi, ukiipa spika za 4 wakati inataka kuanzia 6 itachemka na inaweza ikawa inajizima yenyewe katikati ya filamu. Zile seti zinazokuja zimekamilika kwenye boksi moja kagua pini zake nyuma, nyingi zina pini za kwake na spika za omu 3 au 4, siku moja ikifa huwezi kuchomeka ya kampuni nyingine kirahisi. Sisemi ni mbaya, kwa chumba kidogo zinatosha, ila ujue unanunua kitu ambacho hakikui. Saundiba vilevile, kama huna nafasi ya kupitisha waya chagua ile yenye spika ya katikati inayojitegemea na sabufa yake, na iwe na HDMI eARC, yaani tundu la HDMI linalopokea sauti kutoka kwenye TV.

Sabufa. Usiipime kwa ukubwa wa mtetemo dukani, sabufa mbovu pia inatetemesha vioo. Sikiliza mdundo unavyoisha, ngoma ikipigwa inatakiwa ipige na ikate, ikiendelea kuvuma "uuuuu" baada ya ngoma kunyamaza hiyo itakuchosha ndani ya wiki. Zenye tundu la hewa kwenye boksi zinatoa kelele nyingi zaidi kwa nguvu ileile, zilizofungwa huwa ndogo na watu wengi huziona zinakata vizuri, kwa filamu kwenye sebule kubwa mimi naenda na ya tundu, kwa chumba kidogo iliyofungwa. Kwenye karatasi ya maelezo tafuta inashuka mpaka Hz ngapi (mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo besi ni ya chini zaidi) na pembeni iwe imeandikwa ±3 dB, yaani sauti haipandi wala kushuka zaidi ya desibeli 3, ikiandikwa tu "20 Hz mpaka 20 kHz" bila hicho kipimo hiyo haina ahadi yoyote, ni masafa ya sikio la binadamu tu yamenakiliwa pale. Spika zako nyingine zikiweza kushuka vizuri mpaka karibu 80 Hz inatosha, hapo ndo sehemu ya kawaida ya kukabidhi besi kwa sabufa, na sauti za chini ya hapo sikio haling'amui kirahisi zinatoka upande gani, ndo maana sabufa unaweza kuificha. Kujua ikae wapi, iweke juu ya kochi pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, halafu tambaa chini kandokando ya kuta, mahali utakaposikia besi imekaa sawa bila kuvuma ndipo pa kuiweka.

Ukienda kusikiliza beba sauti unazozijua, uwe na ya mwanaume anayeongea, ya mwanamke, na wimbo mmoja uliouzoea. Hakikisha spika mbili unazozilinganisha ziko kwenye kelele sawa maana iliyo juu kidogo sikio linaiona nzuri hata kama sio. Halafu punguza sauti iwe ya usiku wa manane, watoto wamelala, usikie kama bado kila neno linafika, spika nzuri inajionyesha hapo.

Kwa za mtumba, minya wufa taratibu kwa vidole vya mikono miwili kwa usawa, ikikwaruza ndani koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) imepinda au imeungua, iache. Kagua ukingo unaozunguka karatasi ya spika, wa sponji huoza na kupasuka kwa miaka, wa mpira unadumu zaidi.

Waya usitumie pesa nyingi, wa shaba wa 2.5 mm² unatosha sebule karibu zote, ila kwaruza nyuzi kwa kisu, ukikuta ndani ni nyeupe huo ni alumini iliyopakwa shaba. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, spika moja ikigeuzwa besi inapotea na utalaumu spika bure.

Hela isipotosha kwa mara moja nunua hivi: tatu za mbele na risiva nzuri, ikifuata sabufa, za pembeni mwisho, na uzipange digrii 90 mpaka 110 kutoka mbele yako, juu kidogo ya masikio. Kabla ya kulipia zile tatu muulize muuzaji kama za pembeni na sabufa za toleo hilo zinauzwa moja moja.