Taa za mbele hafifu: anza na kioo na waya, globu baadaye

Dereva akiona taa zake hazimuliki, cha kwanza anachonunua ni globu za LED. Ziweke pembeni kwanza. Kwenye magari yetu yaliyotumika Japani kabla ya kufika Dar, mwanga mwingi hupotea njiani: kwenye plastiki iliyofubaa na kwenye waya uliochoka. Kuurudisha ni nafuu, na anayesafiri usiku kipande cha Mikumi, ambako wanyama hukatiza barabara, anauhitaji.

Nazungumzia taa za halojeni, hasa globu ya H4 yenye wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu. Kama gari lako lina zenoni ya kiwandani (taa za gesi zisizo na waya unaowaka ndani ya globu), usiguse waya zake, zina umeme wa maelfu ya volti. Fanya hatua ya kwanza na ya mwisho tu.

1. Kioo cha taa. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka taa ili usikwaruze rangi. Sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, ukimwagia maji muda wote. Usihame namba mpaka mikwaruzo ya namba iliyopita iishe. Piga polishi, futa kwa spiriti, halafu pulizia klia (rangi angavu ya kukinga) inayozuia miale ya jua. Dawa ya meno wanayoisifia mitaani hung'arisha kwa muda mfupi tu, kwa sababu haiachi kinga yoyote juu ya plastiki.

2. Pima umeme. Washa injini na taa. Pima volti kwenye betri, kisha nyuma ya globu ikiwa bado imechomekwa na inawaka. Ukiichomoa, kipimo kitakudanganya. Tofauti ikizidi nusu volti, una kazi ya kufanya. Volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu theluthi, ndiyo maana globu mpya kwenye waya mbovu haisaidii. Ili ujue zinapotelea wapi, pima kutoka hasi ya betri hadi hasi ya soketi. Ukikuta hasara kubwa hapo, kwangua kutu pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, kaza, pima tena. Mara nyingine kazi inaishia hapo.

3. Relei. Hapa ndipo pesa yako inalipa kuliko kote. Kiwandani, umeme wa taa kwenye magari mengi hupita kwenye waya mwembamba mrefu na swichi ya usukani. Relei ni swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa: tunataka swichi ya usukani ibaki kutoa amri tu.

Nunua relei mbili za pini nne, moja ya dimu na moja ya fuli, soketi mpya mbili za H4 na waya wa milimita 2.5 za mraba. Namba za pini huandikwa kwenye relei. Pini 30 ya kila relei itoke chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri. Pini 87 iende kwenye soketi mpya zote mbili. Waya wa pamoja wa globu, unaotumiwa na dimu na fuli, upeleke hasi. Pini 85 na 86 zichomeke kwenye soketi moja ya zamani: moja kwenye waya wa pamoja, nyingine kwenye waya wa dimu au wa fuli. Kwa njia hii haijalishi kama swichi ya gari lako inakata chanya au hasi, na Toyota nyingi za zamani hukata hasi. Soketi ya zamani iliyobaki izibe kwa tepu ya umeme. Chomoa betri kabla ya kuanza, na jaribu dimu na fuli kabla ya kufunga.

4. Globu. Badilisha zote mbili kwa pamoja, wati zilezile, bila kushika kioo kwa vidole. Wati 100 huyeyusha soketi na kuunguza reflekta, ile sehemu ya ndani inayoakisi mwanga. Zilizopakwa bluu hupunguza mwanga. LED kwenye reflekta ya halojeni hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja mbele, naye ndiye mnayepishana naye.

5. Lenga. Pakia mzigo wa kawaida, jaza upepo, simama mahali tambarare. Sogelea ukuta, weka alama usawa wa katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma mita 10. Zungusha skrubu mpaka ukingo wa juu wa dimu ukae sentimita 10 chini ya alama. Mwanga unapaswa kupanda upande wa kushoto. Ukipanda kulia, taa hiyo imetoka kwenye gari la nchi wanazoendesha kulia, irudishe dukani.