Somo: Kulisoma jina la marere

Assalamu alaykum, wanachama. Wengi mnaleta picha za likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja, za minazini na mikokoni mkiuliza majina. Tuanze na marere, likeni ya mwambao wetu, kwani karne ya 19 yalisafirishwa kutoka bandari ya Unguja kwenda kutengenezewa rangi ya zambarau.

Hatua ya 1: Tazama neno la mwanzo la jina la kisayansi, ndilo jenasi, yaani kundi la spishi zilizo karibu. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alizitia likeni zote katika jenasi moja, Lichen, akizihesabu miongoni mwa mwani. Aliyelifumua fungu hilo ni mwanafunzi wake, Erik Acharius, kuanzia 1803. Aliangalia umbo la mwili na vile vikombe vidogo vya uzazi. Kwangu mimi, huyu ndiye baba wa fani yetu.

Hatua ya 2: Soma mkia, yaani vifupisho vya majina ya watu mwishoni, maana historia yote imo humo. Mfano: Roccella fuciformis (L.) DC. Aliye ndani ya mabano, Linnaeus, ndiye aliyeipa spishi jina, ikiwa bado Lichen. Aliye nje, de Candolle, ndiye aliyeihamishia Roccella mwaka 1805. Sasa tazameni marere ya mwambao wetu: Roccella montagnei Bél. Hakuna mabano. Bélanger aliyaweka Roccella tangu mwanzo, na hayajahamishwa. Montagnei ni heshima kwa Camille Montagne wa Ufaransa.

Hatua ya 3: Jua jina ni la nani. Schwendener wa Uswisi alitangaza mwaka 1867 kuwa likeni ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Wakubwa wa fani, Nylander akiwemo, walimpinga vikali. Leo kanuni za kutoa majina zinasema jina la likeni ni la kuvu. Mwani una lake, na wa marere ni Trentepohlia.

MASUALI

Mwanachama, Wete: Maalim, kwa nini likeni zisiwe na ukoo wao peke yao?
Jibu: Kwa sababu kuvu hao hawana babu mmoja aliyeanza kuishi na mwani, tabia hiyo imezuka zaidi ya mara moja. Wamo katika makundi mawili makubwa ya kuvu: walio wengi ni Ascomycota, wachache Basidiomycota.

Mwanachama, Makunduchi: Yataniulia mnazi?
Jibu: La. Yameshika gome tu, hayanyonyi mti. Tafadhali usiyakwangue.

Mwanachama, Mkoani: Picha inatosha kutambua?
Jibu: Mara nyingi haitoshi. Nylander alianzisha vipimo vya rangi mwaka 1866, na kimoja unakiweza nyumbani: kata kipande kidogo, kitilie tone la dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Marere hugeuka mekundu papo hapo. Tuletee na picha hiyo.